Jina na Umbo: Tahakiki ya Mafunzo ya Maumbo Bapa kwa Watoto Wadogo

Sisi tunaosomesha Kiswahili katika vyuo vikuu tumezoea kuyaelekeza macho yetu ya uhakiki kwenye riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Kitabu cha mtoto wa miaka minne, chenye kurasa kumi na mbili na maneno yasiyozidi arobaini, hakitujii akilini kuwa ni kazi ya kuhakikiwa. Aghalabu hukinunua tukiwa njiani kurudi nyumbani, tukampa mtoto, na tukaendelea na mambo yetu. Hata hivyo kitabu hicho nacho kina mwandishi, kina uteuzi wa maneno, kina mpangilio wa sentensi, na ndani yake mna nadharia fulani ya lugha hata kama aliyekitunga hakujua kuwa anayo nadharia. Katika makala haya nakusudia kuvitazama vitabu na chati za Kiswahili zinazofunza watoto wadogo kuyatambua maumbo bapa, yaani duara, mraba, mstatili, pembetatu na mengineyo ya jamii hiyo, kwa jicho lile lile tunalolitumia kwa maandishi ya watu wazima. Dai langu ni kwamba vitabu hivi hufunza majina na kuliacha umbo lenyewe, na kwamba kosa hilo si la walimu wa hisabati pekee bali ni letu pia sisi watu wa lugha.

Yamkini msomaji ameiona chati ninayoizungumzia, kwa kuwa hubandikwa katika kuta za madarasa mengi ya chekechea. Ina maumbo manne au sita. Duara ni jekundu, mraba ni wa buluu, pembetatu ni ya kijani, na mstatili ni wa manjano. Chini ya kila umbo pana jina lake kwa herufi kubwa. Katika chati zilizochapishwa kwa ufundi zaidi kila umbo limetiwa macho na kinywa kinachotabasamu, na baadhi yake yana miguu na viatu. Pembetatu imesimama juu ya kitako chake, pande zake tatu zikiwa sawa; mraba umekaa wima; mstatili umelala. Hakuna pembetatu nyembamba kama mwiba, wala iliyolala ubavu, wala yenye pembe moja iliyopanuka kama mtu aliyenyoosha miguu. Hakuna hata umbo moja lililokaribia kuwa duara likashindwa.

Hebu tuisome chati hii kama matini. Mtoto anapoambiwa "hii ni pembetatu", mbele yake zipo sifa nyingi kwa pamoja: rangi ya kijani, tabasamu, kimo, namna ya kusimama, na zile pande tatu. Ni ipi kati ya hizo iliyo maana ya neno? Chati haisemi. Mtoto makini, asiyekuwa na ushahidi mwingine, ana haki ya kudhani kuwa pembetatu ni kitu cha kijani kinachocheka. Tangu mihadhara ya Saussure ilipochapishwa mwaka 1916 tumekuwa tukiwafunza wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza kwamba thamani ya neno hutokana na tofauti zake na maneno mengine. Kwamba neno hulijua kwa mpaka wake. Ajabu ni kwamba somo hili tunalihifadhi kwa ajili ya vijana wa miaka kumi na tisa, ilhali yule anayelihitaji zaidi ni mtoto wa miaka minne anayekutana na neno kwa mara ya kwanza. Mpaka wa neno pembetatu haupo katika chati, kwa sababu chati haimwonyeshi mtoto hata kitu kimoja kisicho pembetatu lakini kinachofanana nayo.

Macho na viatu ninavichukia kwa sababu ya ziada. Umbo likishatiwa miguu, lina juu na lina chini. Likigeuzwa litakuwa limeanguka. Mwandishi aliyedhani anampendezesha mtoto amelifunga umbo katika mkao mmoja, na mkao ni kitu ambacho umbo bapa halina habari nacho.

Nitoe mfano niliouona mwenyewe. Nilipata nafasi ya kukaa siku mbili katika darasa la chekechea viungani mwa Mombasa, nikimfuata mwanafunzi wetu aliyekuwa katika mazoezi ya ualimu. Mwalimu wa darasa, mama mpole aliyewajua watoto wake mmoja mmoja, alikuwa amekata mraba wa kadibodi. Aliuinua juu, na kwa bahati tu akaushika kwa ncha, hata ukaning'inia pembe moja juu na nyingine chini.

"Hili ni umbo gani?"

"Tiara, mwalimu," akajibu mvulana mmoja.

Wenzake wakacheka. "Hapana, mwanangu, tazama vizuri," akasema mwalimu, akaugeuza hata ukakaa wima.

"Mraba!" darasa likaitika kwa sauti moja.

Mwalimu, kwa kutaka kuhakikisha, akaurudisha kama ulivyokuwa. Kukawa kimya. Kisha yule mvulana akasema taratibu, kana kwamba anamwonea mwalimu huruma, "Sasa imekuwa tiara tena."

Kwa muda mrefu nimelifikiria jibu la mtoto huyu. Tiara, ambayo wengine huiita kishada, ni ile karatasi iliyotiwa vijiti na uzi ambayo watoto huirusha upepo unapovuma. Mvulana alikosea wapi? Kihisabati hakukosea hata kidogo. Umbo lenye pande nne ambazo ni jozi mbili za pande jirani zilizolingana ndilo ambalo wanahisabati wa Kiingereza wamelipa jina la chombo hicho hicho cha mtoto. Na mraba, kwa kuwa pande zake zote zimelingana, unaitimiza sharti hiyo. Mraba ni tiara. Mwalimu alikuwa sawa, na mtoto alikuwa sawa. Kilichokosekana darasani ni sentensi ya kuwaunganisha: ni mraba, na kwa sababu ni mraba ni tiara pia. Sentensi hiyo haimo katika chati wala katika kitabu chochote nilichowahi kukishika, kwa kuwa vitabu vyetu vimejengwa juu ya imani kwamba kila kitu kina jina moja na kila jina lina kitu kimoja. Mtoto aliambiwa amekosa, na lake likapita. Pengine atakuja kuwa mhandisi. Pengine ndiyo siku aliyojifunza kutojibu.

Tugeukie sasa majina yenyewe, kwani hapa ndipo mtu wa lugha ana la kusema ambalo mwenzake wa hisabati huenda asilione. Maneno manne ya chati hayakutoka katika ghala moja. Pembetatu ni neno tulilolijenga wenyewe kwa mbao zetu: pembe na tatu. Jina lenyewe ni fasili. Mtoto anayejua kuhesabu hadi tatu anaweza kulihakikisha kwa kidole. Mraba, mstatili na duara ni maneno ya asili ya Kiarabu, na kwa mtoto wa Kiswahili ni vitu vilivyofungwa. Ukivitikisa havisemi kitu.

Lakini kwa sisi wasomi mraba si neno bubu. Asili yake ni mzizi ule ule wa nne uliotupa robo na arobaini, na ambao mabingwa wa ushairi wanautamka kila siku wanapotaja tarbia. Mhadhiri anayeeleza kwamba tarbia ni ubeti wa mishororo minne ametamka ndugu wa mraba bila kumkonyeza. Kwa asili, basi, mraba haukuwa na maana zaidi ya "kilichofanywa nne". Pembenne yetu na mraba ni tafsiri moja ya nyingine, ila matumizi yameziachanisha, hii ikabaki kuwa jina la jumla na ule ukawa jina la umbo mahususi. Na ajabu nyingine ni kuwa Kiswahili kilipochukua mraba hakikuona haja ya kumchukua mwenziwe wa tatu, ijapokuwa washairi walimchukua ndugu yake katika tathlitha. Tukabaki na seti iliyochanganyika: pembetatu inayojieleza, mraba usiojieleza. Mtu anaposema "mtu wa miraba minne" kwa maana ya mtu mkubwa aliyejengeka mwili, hakuna anayehesabu pembe.

Baadhi ya wenzangu, nilipowasimulia haya, walikata shauri papo hapo kwamba jina linalojieleza ni bora siku zote, na kwamba yafaa tubuni upya istilahi zote kwa mfano wa pembetatu. Mimi sikubaliani nao. Jina linalojieleza hueleza jambo moja na kulifunika la pili. Pembetatu inataja pembe, haitaji pande. Mtoto wa Lamu anayeitazama jahazi ikiingia bandarini anaona tanga lenye pembe tatu, nalo limefura kwa upepo na kingo zake zimepinda. Kwa mujibu wa jina, hiyo ni pembetatu. Kwa mujibu wa hisabati siyo, kwa kuwa pande hazikunyooka. Na neno pembe lenyewe lina mzigo: ni ya ng'ombe, ni ya ndovu, ni ya nyumba, na ni ile pembe inayopimwa kwa digrii. Mtoto wa kifugaji anayesikia pembetatu bila kuonyeshwa kitu ana sababu nzuri ya kumtafuta ng'ombe wa ajabu. Kwa hiyo uwazi wa jina ni mlango tu. Mwalimu akidhani kwamba mtoto aliyelitamka jina amekwisha kuliingia umbo, uwazi huo utamdhuru kuliko ugumu wa mraba, ambao angalau unamlazimisha aeleze.

Mstatili ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kwa asili maana yake ni kilichorefuka. Jina lenyewe limeufukuza mraba nje ya nyumba kabla mazungumzo hayajaanza, kwani mraba haukurefuka upande wowote. Katika darasa la chekechea utengano huu hauna madhara, na pengine una faida. Madhara huja miaka sita au saba baadaye, mwanafunzi anapoambiwa kwamba kila mraba ni mstatili, akaona kuwa hisabati ni mahali ambapo watu wazima hubadili maneno yao. Nitalirudia jambo hili.

Duara lina tatizo la namna nyingine. Vitabu karibu vyote nilivyovisoma hutoa mifano ya duara kwa kuchora mpira, chungwa, sahani, pete, na gurudumu, vyote katika ukurasa mmoja. Kati ya vitano hivyo viwili si maumbo bapa hata kidogo. Mpira na chungwa ni tufe. Sahani ni bapa iliyojaa. Pete ni mstari uliofunga bila kujaa. Mazungumzo ya kawaida hayajali tofauti hizo, wala hayana sababu ya kujali. Tunasema watoto wameketi duara, na katikati hapana kitu; tunasema mwezi ni duara, na umejaa; mabaharia wamelitumia neno hilo hilo kwa mtambo wa kuzungushia na kuvutia kamba au nanga. Lakini kitabu kinachodai kufunza maumbo bapa hakina ruhusa ya kusema "mpira ni duara" na kuendelea mbele. Kinaweza kusema: weka mpira juu ya mchanga uliolowa, uuinue, utazame alama iliyobaki. Kinaweza kusema: kata chungwa, utazame uso wake. Hapo mtoto anaona duara likizaliwa kutoka kwa tufe, na neno bapa, ambalo watungaji wa mitaala wanalipenda na watoto hawalisikii kamwe, linapata maana kwa kisu na mkono.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba mtoto mdogo hawezi kuyamudu haya, na kwamba inatosha aviite vitu kwa mifano ya vitu. Pingamizi hili lina historia, na historia yake si ya heshima kwetu. Katika miaka ya 1931 na 1932 mwanasaikolojia Mrusi A. R. Luria aliwaendea wanakijiji wa Uzbekistani akiwaonyesha michoro ya maumbo. Matokeo aliyachapisha mwaka 1974, na tafsiri ya Kiingereza ikatoka mwaka 1976. Wanawake wa vijijini ambao hawakusoma waliliita duara sahani, chekecheo, ndoo, saa au mwezi. Mraba wakauita kioo, mlango, nyumba. Na pembetatu wakaiita kwa neno lao la hirizi. Waliopitia shule walitumia majina ya jiometri. Luria aliona hapa tofauti kati ya fikra iliyonasa katika vitu na fikra iliyojitenga navyo. Huko Liberia John Gay na Michael Cole, katika kitabu chao cha mwaka 1967 kuhusu Wakpelle, waliorodhesha jina la duara likitumiwa kwa chungu, sufuria, chura na kobe.

Nilipovisoma vitabu hivi kwa mara ya kwanza, ng'ambo, nikitayarisha tasnifu ya shahada ya uzamili, nilikubali hoja ya Luria bila ya ubishi. Leo siikubali yote. Kutaja umbo kwa jina la kitu si dalili ya akili iliyonasa. Ni njia moja ambayo kwayo lugha zote huunda istilahi. Koni kwa Kiswahili ni pia, yaani kile kichezeo ambacho watoto hukizungusha chini kwa kamba. Hakuna anayedai kwamba mwanahisabati wa Dar es Salaam anayeandika "ujazo wa pia" bado anakiwaza kichezeo. Neno lilianza mkononi mwa mtoto, likapanda, likaacha mchanga nyuma. Tofauti kati ya yule mwanamke wa Uzbekistani na mwanajiometri haiko katika asili ya jina bali katika yale ambayo mtu ameruhusiwa kuyafanya nalo baada ya kulitaja. Yule mvulana wa tiara alisimama mwanzoni mwa njia hiyo hiyo, na darasa likamcheka.

Katika nyumba niliyopanga huko ng'ambo palikuwa na mtoto wa miaka mitatu na kisanduku cha mbao chenye matundu, kila tundu na kipande chake, kichezeo ambacho asili yake haiko mbali na vifaa ambavyo Maria Montessori alivitumia Roma tangu mwaka 1907. Kilichonivutia si kisanduku. Kilichonivutia ni kwamba mama yake, kwa miezi niliyokaa pale, sikumsikia akitaja jina la umbo hata mara moja. Maneno yake yote yalikuwa vitenzi: geuza, zungusha, jaribu upande mwingine, laza, sukuma. Majina yalikuja baadaye, yakakuta umbo limekwisha kukaa mkononi.

Nilipata jina la jambo hili baadaye. Mwaka 1957, katika Chuo Kikuu cha Utrecht, mume na mke wawili, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, waliwasilisha tasnifu zao juu ya ufundishaji wa jiometri. Walidai kwamba mwanafunzi hupita ngazi. Kwanza hulitambua umbo kwa sura yake nzima, kama tunavyoitambua sura ya mjomba bila kuhesabu meno yake. Kisha huona sifa zake: pande, pembe, ulinganifu. Ndipo baadaye sana huona jinsi sifa moja inavyoileta nyingine na jinsi umbo moja linavyokuwa aina ya jingine. Walisisitiza kwamba kila ngazi ina lugha yake, na kwamba mwalimu aliye ngazi ya juu akisema na mtoto aliye ngazi ya chini, wawili hao wanatumia maneno yale yale bila kuelewana. Mtu wa isimu hawezi kusoma hoja hiyo asione kuwa ameguswa. Mwalimu wetu wa Mombasa aliposema "mraba" alikuwa akitaja sifa. Mtoto aliposema "tiara" alikuwa akitaja sura. Walizungumza Kiswahili wote wawili.

Sasa, Kiswahili ni lugha iliyobarikiwa vitenzi. Kunja, kunjua, pinda, pindua, geuza, laza, simamisha, zungusha, viringa, viringisha, lingana, linganisha. Mnyambuliko peke yake ungetosha kulifunza somo zima. Vitabu vyetu vya maumbo havina kitenzi. Vina "ni". Hili ni duara, huu ni mraba, hii ni pembetatu. Ukurasa baada ya ukurasa, lugha yenye utajiri wa kutenda imegeuzwa kuwa orodha. Na hapa hatuwezi kumlaumu mwandishi wa chekechea peke yake, kwa kuwa alilelewa na sisi. Katika vitabu vya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, maumbo yalipangwa katika msamiati pamoja na majina ya ukoo, vikembe, na nomino za makundi. Mwanafunzi alikariri duaradufu kama alivyokariri kinda la ndege. Mwandishi wa leo amekirithi kile kile.

Chukua karatasi ya mstatili, ukunje pembe moja hadi ukingo ulio mkabala, ukate kinachozidi, ukunjue. Umepata mraba, na mstari wa mkunjo unakuonyesha pembetatu mbili zilizolingana. Mtoto anayeunda tiara ameyafanya haya bila mwalimu. Mchukue mama anayeikunja leso yake: akijaribu kuikunja kwa pembe na pembe, ncha hazikutani, kwa kuwa leso ni mstatili. Kitambaa cha mraba kikikunjwa hivyo, ncha hukutana. Hicho ni kipimo cha mraba kilicho sahihi kabisa, kinamfaa mtoto wa miaka mitano, na kinaelezwa kwa vitenzi viwili: kunja na kutana. Sambusa nayo haikuja duniani kama picha ya kijani yenye viatu. Ilikunjwa, na aliyekaa jikoni kando ya nyanya yake ameiona pembetatu ikijikunja juu ya pembetatu.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niandike haya katika jarida la idara ya lugha. Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2010 Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 imependekezwa kwamba mtoto wa madarasa ya chini afunzwe kwa lugha ya mazingira ya shule, na katika miji yenye mchanganyiko wa makabila lugha hiyo kwa kawaida ni Kiswahili. Wakati huo huo kitabu cha hisabati cha darasa la kwanza kimeandikwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mtoto wa Nakuru au wa Mombasa hukutana na umbo moja mara mbili: katika somo la hisabati, kwa Kiingereza, akilihesabu pande na kulichora, na katika somo la Kiswahili, akilitaja tu. Lugha moja inapewa kufikiri, nyingine inapewa kuitikia. Mtoto hahitaji kuambiwa ipi ni lugha ya akili, amekwisha kuonyeshwa. Tanzania, iliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi mwaka 1967, ina matatizo yake, lakini angalau huko mraba hupimwa eneo lake kwa lugha ile ile iliyoutaja. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unasisitiza kutenda. Ninaviona vitabu vilivyotoka baada yake. Picha zimeongezeka, karatasi ni nzuri, "ni" ingali pale pale.

Nimeahidi kuurudia mstatili. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi Msumbiji hadi alipofariki mwaka 2014, aliandika juu ya njia wanayotumia wajenzi wa vijijini huko kuupata msingi wa nyumba. Wanachukua kamba mbili za urefu mmoja, wakazifunga pamoja katikati kabisa. Kisha ncha nne zinavutwa hata kamba zikakaza, na penye kila ncha panapigwa kigingi. Vigingi vinne hivyo daima vitatoa mstatili, kwa kuwa umbo lenye pande nne ambalo vishazari vyake vimelingana na kukatana katikati haliwezi kuwa kitu kingine. Mjenzi hahitaji kipimapembe.

Niliijaribu njia hii na watoto wanne katika uwanja wa ile shule, siku ya pili, kwa ruhusa ya mwalimu. Kila mmoja alishika ncha. Waliposogeleana wawili wawili, nyumba ikawa nyembamba na ndefu. Walipoachana, ikafupika na kupanuka. "Hii ni nini?" nikauliza kila mara, na kila mara wakajibu mstatili, hadi walipofika mahali fulani msichana mmoja akapiga kelele kwamba sasa ni mraba. Nikawaambia waendelee kusogea. Mraba ukapotea, mstatili ukarudi, safari hii umelala upande wa pili. Kamba zilikuwa zile zile, na fundo lile lile. Hakuna aliyekuwa ametoka kwenye umbo moja akaingia katika jingine; walikuwa wamepita tu mahali ambapo pande hulingana. Yule mvulana wa tiara alikuwa ameshika ncha ya kaskazini, na aliomba tuurudie mraba ili asimame pembeni autazame. Alipousimamia kwenye ncha, akaniangalia kwanza, kisha mwalimu, wala hakusema kitu.

Mwenzangu mmoja idarani anashikilia kwamba istilahi mstatili ibadilishwe, kwa kuwa jina linalosema "kilichorefuka" litaendelea kuwapotosha watoto hata tuwape kamba ngapi. Ana hoja. Hata hivyo mimi ningeliacha neno lilivyo, kwa sababu limekwisha kuenea pande zote mbili za mpaka, na kwa sababu watoto wale wanne hawakuzuiwa na asili yake ya Kiarabu, wasiyoijua. Ninachotaka kukiona katika toleo lijalo la chati ni jambo dogo zaidi: mraba mmoja ulioning'inizwa kwa ncha, bila macho, bila viatu, na chini yake nafasi tupu ambapo mwalimu na mtoto wataandika majina yote wanayoweza kukubaliana.